Mikono ya Peninah na Simiti ya Doha

Wewe unayesoma hii Ijumaa ukiwa umelala kwa deka ya juu ya kitanda cha kambi, shuka umeifanya pazia, simu juu ya kifua: nina shida na wewe. Wiki jana uliona kwa group picha ya mifuko ya simiti imepangwa mbele ya kanisa fulani huko mashinani, ukaweka makofi matano na "hongera wana wetu wa ng'ambo". Hukuuliza hiyo simiti inaenda wapi. Hukuuliza nani ataikoroga. Uliona mifuko ukaona maendeleo, ukageuka ukalala. Tumekuwa watu wa kupigia mifuko makofi, na inakera. Kwa hivyo leo hakuna picha. Leo ni habari ya Philipo Ndunda, na ukifika mwisho kuna kitu utaombwa.

Philipo wengi mnamjua kwa sura. Kama umewahi kumpeleka mdosi wako The Pearl, kile kisiwa cha matajiri hapa Doha, ni yule mrefu wa geti ya maegesho, anayeinama kuangalia stika ya gari kabla hajainua chuma. Alishuka Doha Machi 2014, miaka thelathini na moja, na koti moja ambalo hajalivaa tena tangu siku hiyo. Nyumbani aliacha mke, Peninah, msichana wao Mwende aliyekuwa ndio ameanza kutembea, na mamake, ambaye Peninah humwita mwaitu kama yeye mwenyewe anavyomwita, kwa sababu kwa Wakamba mama ni mwaitu na mambo yameishia hapo.

Joto la Doha halikumtisha, kwao pia jua si la mchezo. Kilichomsumbua ni nyasi. Mbele ya geti yake kuna kipande cha nyasi, hakitoshi hata kulisha mbuzi mmoja, na kila asubuhi na kila jioni mipira ya maji ilifunguka yenyewe ikanyunyiza mpaka maji yakatiririka kwa lami na kuingia kwa mfereji. Philipo alikuwa akisimama pale na redio yake begani akiyaangalia yakienda. Hapa hakuna mto, hata wa kudanganya. Na kwao Kalimboni, huko Kitui ukiacha lami unatembea masaa mawili, kuna mto mpana kama barabara nne za Doha zikipangwa pamoja. Unaitwa Mulinde. Maji yake hupita siku kumi, kumi na mbili kwa mwaka, kisha inabaki mchanga mweupe, na mwanamke anachimba shimo kwa bakuli akingoja maji yajikusanye kijiko kwa kijiko.

Kufikia 2016 hata hayo mashimo yalikuwa yanagoma. Peninah alikuwa akitoka na punda alfajiri kwenda kisima cha pampu kule Ngiluni, anarudi saa saba mchana na mitungi minne. Mitungi minne, watu watatu, mbuzi sita. Wewe piga hesabu.

Sasa, Kalimboni kulikuwa na fundi wa mawe anaitwa Laban. Alikuwa amejenga Mombasa miaka ishirini, akarudi na mgongo mbaya na mdomo usiojua kupaka asali. Februari hiyo, mvua ikiwa imekataa kwa msimu wa pili, aliita watu pale mtoni akawaonyesha mahali ambapo chini ya mchanga kuna mwamba, kutoka ukingo huu hadi ule. Hapa, akasema, tukijenga ukuta wa mawe, mvua ikija italeta mchanga, mchanga utajaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji yatakaa, jua halitayafikia. Utachimba hatua mbili Agosti na utapata maji. Alikuwa ameona kuta kama hizo kwingine Ukambani, zinafanya kazi. Hakuna mzungu aliyekuja na gari kubwa. Hakuna mheshimiwa aliyekata utepe. Walikaa chini wenyewe, wakabishana siku mbili, wakakubaliana: watajenga kwa mwethya.

Mwethya, kwa wale hamjui, ni kazi ya kijiji nzima. Kila boma inatoa mtu mmoja, siku tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Tajiri anatoa mtu, maskini anatoa mtu. Ukikosa bila sababu, wenzako wanapita kwako wakitoka mtoni, wanaingia jikoni wakiimba, wanachukua sufuria. Sufuria inakaa kwa mwenyekiti mpaka ulipe hiyo siku kwa mawe. Hakuna kupigana, hakuna polisi. Unapika kwa kikopo cha rangi majirani wakikucheka mpaka aibu ikupeleke mtoni.

Walianza Mei. Picha ya kwanza ilimfikia Philipo akiwa kwa foleni ya basi la kampuni. Aliikuza na vidole. Watu wamejipanga mstari kutoka kilimani hadi mtoni, mawe yanapita mkono kwa mkono. Philipo kazi yake ni kuhesabu, magari yanayoingia na yanayotoka, kwa hivyo alihesabu vichwa bila hata kufikiria. Hamsini na nane. Peninah alikuwa wa kumi kutoka chini, leso ya kijani kichwani, mdomo wazi. Anaimba au anatukana mtu, hakuweza kujua.

Alimpigia Ijumaa iliyofuata.

"Wamechukua sufuria ya mwaitu," Peninah alimwambia, na alikuwa anacheka. "Ile kubwa ya Krismasi."

"Kwa nini?"

"Mwaitu ni boma yake, mimi ni boma yangu. Yeye magoti hayawezi, kwa hivyo mimi ndio naenda kama yeye, tena naenda kama mimi. Laban anasema siwezi kuwa watu wawili siku moja, hata kama nimenenepa."

"Umenenepa?"

"Na hii shida? Baba Mwende, wewe Doha imekutoa akili. Nilienda Jumanne na Alhamisi kubeba mawe peke yangu ndio nikomboe sufuria."

Walicheka. Lakini Philipo alirudi kwa geti yake na hiyo picha kichwani: Peninah peke yake mtoni siku ambayo si ya watu, anaokota mawe kama mtu aliyehukumiwa.

Mwisho wa Juni jiwe lilimponyoka mtu wa juu likamgonga Peninah hapa kwa kiuno. Halikuvunja kitu. Lakini alikuwa hawezi kuinama kupuliza moto, na Mwende, miaka mitatu, ndiye alikuwa anamwokotea kuni. Philipo alisikia hayo akiwa kazini, na mbele yake kulikuwa na jamaa anaosha gari jeupe lililokuwa safi tayari.

Alimpigia Laban siku hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana.

"Fundi, Peninah hawezi tena. Nataka kutoa simiti. Mifuko ishirini, duka la mjini watawaletea mpaka hapo. Halafu mmuache akae nyumbani, upande wake na wa mwaitu, mpaka ukuta uishe."

 Nyuma ya Laban ulisikika mlio wa sururu.

"Simiti tulipanga kununua mwishoni, tukiuza mbuzi," alisema. "Kwa sasa kinachonikosesha usingizi ni mawe na mchanga."

"Lakini utaihitaji."

"Nitaihitaji."

"Basi?"

"Philipo. Nikikubali yako, nitakataa ya nani?"

"Ni mtu mmoja, fundi. Tena ni mgonjwa."

"Mgonjwa analala bure! Hiyo iko kwa sheria yetu. Alale mwezi mzima, hakuna atakayegusa sufuria yake. Hakuna mtu ameuliza simiti."

Hapo ndipo angesema asante, fundi, akate simu. Angesema hivyo hii habari ingekuwa nyingine na ingekuwa fupi. Lakini ngoja, usimcheke, kwa sababu wewe pia ungefanya hivyo hivyo. Miaka miwili kijijini wamekuwa wakimwita mtu wa Doha. Mke wa mtu wa Doha alale bure kama mjane, kwa huruma ya watu wanaopikia kwa mawe matatu? Ilimchoma. Alijiona mdogo.

"Simiti inakuja," alisema. "Mtaifanyia nini ni shauri yenu."

Ilikuja. Lori la kwanza kufika Kalimboni mwaka huo, na watoto wakalikimbilia mpaka shule ikabaki na mwalimu peke yake. Mifuko ishirini ikashushwa mbele ya darasa la chekechea. Mtu akapiga picha. Ile picha ndiyo ya kwanza ya aina hiyo, na ninyi mlioko kwa group ya Kalimboni mnaikumbuka, maana mliipigia makofi kama harusi.

Peninah alipona baada ya wiki tatu.

"Nataka kurudi mtoni," alimwambia.

"Kaa. Simiti imeshafika kwa niaba yako."

"Watu wananiita Madamu Doha. Nikipita na punda wanasema shikamoo Madamu, umetuletea upepo wa AC?"

"Waache. Ni wivu."

"Si wivu, Baba Mwende. Mimi nimekaa chini ya kivuli nachambua maharagwe, na Mama Kasyoka wa miaka sitini na tano anabeba jiwe. Nikimwangalia anaangalia kando."

"Nimesema ukae."

Akakaa. Na kwa sababu Peninah amekaa, mke wa jirani mwenye mume Mombasa aliuliza swali la haki kabisa: kwani mume wangu si mtu? Mume wake akatuma mifuko kumi. Vijana wa Nairobi wakatuma. Watu wa Kalimboni walioko Doha walikuwa saba, na kila Ijumaa baada ya ibada huko Abu Hamour kwenye makanisa walisimama nje ya kiduka cha karak, ile chai ya maziwa, vikombe vya karatasi mkononi, wakisukumana na maneno. Joram ndiye alikuwa na mdomo zaidi. Joram ni wa rika la Philipo, walilelewa boma mbili kando, na hapa ni dereva wa familia moja kule Umm Salal, anapeleka watoto shule na madam sokoni.

"Philipo mifuko ishirini," Joram alisema. "Mimi mama yangu ana boma moja tu lakini natuma ishirini na tano. Ishirini ni simiti ya choo."

"Choo chako ni kikubwa hivyo?"

"Natoka kwa watu wakubwa, buda."

Kila mtu alicheka, na wiki iliyofuata mwingine akatuma thelathini. Kila lori likija, boma moja au mbili zilitoka kwa mstari wa mtoni. Hakuna aliyevunja sheria. Laban alikuwa amekubali ya kwanza, sasa atakataa ya nani?

Agosti, Philipo akiwa kwa kiti chake cha plastiki getini, picha mpya iliingia. Ukuta umefika magotini katikati. Alihesabu vichwa, ile tabia yake. Kumi na moja. Alihesabu tena, akidhani wengine wamesimama nyuma ya mawe. Kumi na moja. Akarudi kwa picha ya Mei: hamsini na nane. Aliziangalia hizo picha mbili moja baada ya nyingine mpaka gari likampigia honi.

Laban alipiga mwenyewe Septemba, jambo ambalo halikuwahi kutokea, maana Laban hupenda kupigiwa.

"Niko na mifuko mia moja na arobaini," alisema. "Naweza kujenga hospitali. Na niko na watu kumi na moja, saba kati yao walizaliwa kabla ya uhuru. Jana tumefanya kazi lisaa limoja, kisha maji ya kukoroga yakaisha. Karibu wenye punda wote wametumiwa simiti, Philipo. Punda wao wamelala."

"Tafuta vibarua."

"Vijana wameondoka na ng'ombe upande wa Tana kutafuta nyasi. Nilipata wanne kutoka Ngiluni. Siku ya kwanza, hawa wazee wangu wakaona kuna watu wanalipwa, wakaniuliza, na sisi? Jumatano wakabaki nyumbani. Nikafukuza vibarua ndio wazee warudi. Wakarudi sita."

"Na simiti iko salama?"

"Iko darasani kwa sakafu ya udongo. Inataka kuinuliwa kwa mbao na kuachana na ukuta, isishike unyevu. Nimeinua ishirini na hawa wajomba, mmoja akashikwa na mgongo. Nani ainue mia na ishirini?"

 Mbele ya Philipo mipira ya nyasi ilifunguka.

Alimpigia Peninah jioni akamwambia arudi mtoni, tena awaambie wake wenzake wote. Alisema haraka haraka, kwa ile sauti ya kutoa amri, ndio asisikike akiomba.

"Mwezi wa saba nilitaka ukasema nikae," Peninah alisema. "Sasa nirudi. Mimi nina swichi mgongoni?"

"Mama Mwende, tafadhali."

 "Nilirudi wiki mbili zilizopita. Sikukuambia. Nimewaleta wengine wanne. Lakini wale wengine wanasema walishatolewa, na aliyetolewa hawezi kuitwa kwa mlango kama mfanyakazi. Tuko kumi na moja. Mvua ni mwezi wa kumi na moja."

Hiyo ndiyo hesabu Philipo aliingia nayo ofisini kwa mudiri, meneja wao. Aliomba ofu ya dharura, na kibali cha kutoka nchini, maana bila karatasi ya kampuni wakati huo huwezi hata kukanyaga ndege. Mudiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu mbele yake, na fomu ilikuwa na maswali.

"Baba amekufa?"

"Hapana, sir."

"Mama?"

"Hapana."

"Mke, mtoto?"

"Wako sawa."

"Sasa ni nani?"

Philipo alitafuta neno. "Ni mto, sir."

Mudiri akaweka kalamu chini. "Mto umekufa?"

"Bado."

Wale wawili kwa meza ya nyuma walicheka, na mudiri mwenyewe akatabasamu, akamwambia likizo yake ni Machi, arudi kazini, halas, imeisha. Kwa wiki mbili Philipo aliitwa kwa redio Bwana Mto. Geti namba mbili, Bwana Mto, kuna gari. Aliitika. Afanyeje.

Mvua ilinyesha tarehe tisa Novemba, mchana, kule vilimani, na Kalimboni kwenyewe hata tone halikuanguka. Mto ulikuja saa tisa na nusu. Waliusikia kwanza. Peninah na wenzake walikuwa juu ya ukuta na karai mkononi, wakakimbia, wakasimama ukingoni wakiangalia. Ukuta ulikuwa umefika kifuani katikati, na upande wa kulia ulikuwa umeshikana na mwamba vizuri. Upande wa kushoto ulikuwa umebaki hatua kumi na mbili kufika ukingoni. Hatua kumi na mbili tu. Watu hamsini na nane, Laban alisema baadaye, wangemaliza hizo hatua kwa wiki moja na Jumapili wakaenda kanisani.

Maji yaligonga ukuta, yakapanda, yakatafuta njia. Yakapata zile hatua kumi na mbili. Yakageuka yote huko, na huko ndiko kulikuwa na shamba la mwaitu. Shamba la mtoni, udongo mweusi, mipapai minne na mahali pa mihogo, na pembeni lile shimo la mchanga ambalo hata kwa ukame wa 2009 halikukauka. Kwa masaa mawili mto ulikata huo ukingo kama mkate. Ulipoisha, shamba lilikuwa limeenda na shimo limeenda, na mchanga wote ambao ungejaa nyuma ya ukuta ulikuwa umepita ukateremka kwa watu wengine. Katikati ya mto ukabaki ukuta umesimama peke yake, mzuri, haujashika kitu.

"Mwaitu amekaa pale," Peninah alimwambia kwa simu. "Tumemwambia atoke kwa ukingo, hataki. Anasema anangoja aonyeshwe mahali mpaka wake ulikuwa."

"Na simiti?"

"Darasa liliingia maji kwa mlango. Imekuwa mawe. Watoto wanakalia."

Kwa group hakuna aliyeandika kitu siku tatu. Ya nne mtu mmoja, sitamtaja, anajijua, akaandika: poleni sana watu wetu, tujipange tutume simiti mpya. Makofi sita. Philipo alitoka kwa group.

Laban alimpigia baada ya wiki. Philipo alijitayarisha kutukanwa, na angeshukuru.

"Nimekosa mimi," Laban alisema. "Nilikuuliza nitakataa ya nani, halafu sikukataa. Fundi akiona mtu anaweka jiwe bovu anasema. Mimi nilinyamaza kwa sababu ilikuwa ya bure."

"Fundi, mimi ndio..."

"Wewe ndio. Na mimi. Sasa inatosha." Akakata.

Mwaka wa 2017 sitaueleza sana, wengi mlikuwa na simu zenu wenyewe za kupokea. Punda alikufa Februari njiani kutoka Ngiluni, mitungi ikiwa mgongoni. Mbuzi waliuzwa kwa bei ya kuku. Machi ilifika na likizo ya Philipo ikasongezwa, kuna mtu wa zamu aliyetoroka, hakuna wa kushika geti. Mwaitu akachukuliwa na dadake Philipo kule Machakos, na Mwende akapelekwa huko pia. Peninah akabaki kwa boma mbili tupu, yeye na jembe. Halafu akawa hapokei simu mchana. Alikuwa anasema yuko kwa foleni. Foleni gani Kalimboni?

Septemba alimtumia picha. Uwanja wa ndege, leso ya kijani, begi jipya. Chini aliandika: nakuja huko kwenu. Usikasirike.

Peninah, aliyekataa kukaa chini ya kivuli, amekuja kufanya kazi ya nyumba Doha. Ajenti alimpeleka Umm Salal. Mnaelewa hii? Kutoka geti ya Philipo mpaka hapo ni nusu saa kwa gari. Miaka mitatu na nusu walikuwa wametenganishwa na bahari na nchi kadhaa, wakiongea kila Ijumaa. Sasa wako mji mmoja na hawaongei, kwa sababu madam ameweka simu kwa droo mpaka Peninah azoee, na siku ya ofu haiko.

Joram ndiye aliyempata. Nyumba anayoendeshea iko mtaa wa pili, na alimwona akimwaga takataka, akapiga breki katikati ya barabara. Ijumaa moja ya Januari alimchukua Philipo, wakaegesha mbali kidogo, baada ya sala ya alasiri, wakangoja. Joram hakutoa mzaha hata mmoja njia nzima.

Geti ndogo ikafunguka. Peninah akatoka na mifuko miwili myeusi. Alipomwona Philipo hakukimbia. Aliweka mifuko kwa pipa kwanza, vizuri, akafunga kifuniko.

"Umenenepa," alimwambia.

"Na hii shida?"

Akacheka kidogo, akaangalia nyuma. Mikono yake ilikuwa imechunika kwa dawa ya choo, ngozi imetoka kati ya vidole. Mikono iliyobeba mawe ya boma mbili ikabaki sawa, sasa sabuni ndiyo imeishinda.

"Nina dakika chache," alisema. "Sikiliza. Dada yako aliniambia kabla simu ichukuliwe. Laban ameanza tena kukusanya mawe. Watajenga ile upande wa kushoto Juni, kwa mwethya wa zamani, na simiti hapokei ya mtu mpaka mawe ya ukuta yametosha. Wako ishirini na mbili. Walipita kwetu kuchukua sufuria."

"Nani aliwafungulia?"

"Nani angefungua? Waliimba pale nje. Mama Kasyoka akawaambia wenye boma wako Doha na Machakos. Wakasimama, wakaondoka bila kitu." Alijifuta mikono kwa aproni, akakunja uso kwa maumivu. "Boma mbili, Baba Mwende. Nani ataenda kama sisi?"

Mtoto aliita ndani, kwa Kiarabu, jina la Peninah likitamkwa vibaya.

"Mimi," Philipo alisema. "Likizo yangu imewekwa Juni. Mudiri ameshasema."

"Wewe? Na hiyo mikono ya kubonyeza kitufe?"

"Nitaenda kama wewe siku moja, siku nyingine kama mwaitu."

"Siku moja huwezi kuwa watu wawili," Peninah alisema, akaingia, na geti ikafungwa.

Hapo ndipo mambo yalipo nikiandika hii, Machi 2018. Philipo bado anainua chuma kule The Pearl. Karatasi yake ya kutoka haijasainiwa, na ukisikia mudiri "ameshasema" ninyi wote mnajua inamaanisha nini na haimaanishi nini. Akienda atakuwa wa ishirini na tatu. Laban anasema ile sehemu ya kushoto sasa si hatua kumi na mbili tena, mto umeipanua, ni thelathini na moja, na mvua ni Novemba kama kawaida.

Sasa lile ombi. Wewe wa Kalimboni uliye na likizo kati ya Juni na Oktoba: usipitie Nairobi kuonyesha viatu. Fika mtoni Jumatatu, ukae Jumatano, ukae Jumamosi. Wewe wa kwingine, Makueni, Turkana, Karamoja, popote kuna watu wanaobeba mawe wewe ukiwa hapa, piga simu leo, na usiulize wamefikia wapi. Uliza wako wangapi. Ukiambiwa wamepungua, usitume mfuko. Tafadhali. Nenda mwenyewe, na kama huwezi kwenda, mwambie wako aliye nyumbani asitoke kwa mstari.